Mguu Uliokwenda Kambove

"Unaumwa namna gani?"

Daktari wa wodi ya watu wazima aliniuliza hivyo akiwa na kalamu mkononi, tayari kuandika. Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimetetea tasnifu yangu ya kemia mbele ya maprofesa, nikajibu kila walichouliza na mengine ambayo hawakuuliza. Lakini mbele ya daktari huyu niligeuza shingo kutazama kiti cha kando. Kilikuwa kitupu. Mama yangu alikuwa ameachwa nje, kwenye benchi la ukumbini.

"Ni mifupa," nilisema mwishowe.

"Mifupa yote?"

"Ndiyo. Hapana. Ile… mifupa."

Aliandika mstari mmoja, akanipa vidonge vile vile ninavyovijua tangu utotoni, akaniambia nirudi baada ya mwezi. Nje, Mama alisimama kabla sijafunga mlango.

"Ulimuambia nini?"

"Mifupa."

"Mifupa tu? Ulimuambia ile ya magoti? Ulimuambia baridi ikikuya unashindwa ata kuvala viatu?"

Hakungoja jibu. Aligonga mlango. Nesi akatoa kichwa.

"Mama, weye ni nani?"

"Niko Mama Mireille."

"Mama Mireille, Mireille mwenyewe iko mukubwa. Kaa chini."

Katika wodi ya watoto hakuna aliyewahi kumwambia mama yangu akae chini.

Nina ugonjwa wa selimundu. Huku Lubumbashi hatutumii neno hilo, tunasema tu "SS", kama vile ni jina la ukoo. Sitaeleza damu inavyofanya. Mwenye ugonjwa anajua, na asiyeumwa atasahau. Ninaandika kwa sababu nilipokuwa natoka wodi ya watoto nilitafuta mtu wa kunisimulia upande wa pili ukoje, nikakosa.

Wodi ya watoto nilikaa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Wengi wetu tunachelewa kukua, kwa hiyo niliweza kujificha huko. Manesi wapya walinidhani mwanafunzi wa sekondari wakati tayari nilikuwa chuo kikuu. Ukutani kulikuwa na twiga aliyechorwa vibaya, mwenye mkia mnene uliofanana na mguu wa tano, na kila nilipowekewa serumu, yaani dripu, nilimtazama yeye. Mama alisimama upande wa kichwa, akitoa hotuba yake. Alianza na siku homa ilipoanza, akapita kwenye mkojo na umanjano wa macho, akamalizia na "mifupa, zaidi magoti". Aliitoa vizuri kiasi kwamba madaktari wanafunzi waliinakili neno kwa neno. Mimi nililala nikiisikiliza kama habari za redioni kuhusu nchi nyingine.

Kisha mambo yakabadilika kwa pamoja. Masomo yakaisha. Wodi ya watoto ikanifungia mlango. Shangazi zangu wakaanza kuniuliza habari za mchumba, na kama huyo mchumba amepima damu, ilhali mchumba mwenyewe hakuwepo. Nilikuwa mtu mzima kwa kila mtu, isipokuwa kwa mwili wangu, ambao bado ulikuwa mali ya Mama.

Tunaishi Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, ambako Baba analima kabeji. Mwezi wa sita baridi ya huko haina huruma. Asubuhi Baba anarudi shambani na vidole vigumu kama vijiti, na mimi, nikiwa chini ya mablanketi yote ya nyumba, nangoja kuona kama krizi, yale maumivu makali ya SS yanayozuka ghafla, itakuja. Mwaka ule ilikuja. Kwa mara ya kwanza nililazwa upande wa watu wazima. Hakukuwa na twiga. Jirani yangu wa kitanda alikuwa bibi mwenye shinikizo la damu, aliyedhani nimekuja kumtembelea mgonjwa. Kila asubuhi aliniuliza nimeleta nini.

Nesi mmoja ndiye aliyeniambia kuhusu chumba kilicho nyuma ya famasia. Kila Jumatano, vijana wanaotoka wodi ya watoto walikutana huko na psychologue, mtaalamu wa saikolojia.

"Banafanya nini?"

"Banachora."

"Banachora, alafu?"

"Alafu banaenda nyumbani," alisema, akaondoka na sinia lake.

Nilikwenda kwa sababu jibu hilo lilinikera. Chumba kilikuwa stoo ya magodoro zamani. Juu ya meza kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga. Kopo moja lilijaa makala, ndivyo tunavyoita mkaa, lingine udongo mwekundu wa kichuguu, lingine chokaa nyeupe ya mpemba, na moja lilikuwa na unga wa jiwe la kijani uliolowekwa majini. Psychologue aliitwa Madame Béatrice, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye hakuwa na haraka ya kuongea.

"Madame, hii inaponyesha nini?" niliuliza hata kabla ya kukaa. "Damu?"

"Apana."

"Maumivu?"

"Siyui. Bamoja banasema inapunguza. Bengine banasema inabapotezea wakati. Weye utatuambia."

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kubishana na mtu anayeahidi.

"Weye ni wa ukoo gani, kwa upande wa mama?" Aliyeuliza alikuwa kijana mmoja aliyekaa dirishani, mwenye kovu pana la kidonda kwenye kifundo cha mguu. Jina lake Trésor. Kwao ni Kambove, mji wa migodi ulio mbali na Lubumbashi, na lile jiwe la kijani ndiye aliyelileta, kutoka kwa kaka zake wanaochimba.

"Mbuzi," nilisema.

Alipiga makofi. "Mimi Chui! Madame, leo banatuletea chakula!"

Kwetu, koo hizi mbili ni watani tangu wazee wa wazee. Chui anamla mbuzi, kwa hiyo Chui na Mbuzi wana haki ya kutukanana mahali popote, hata msibani, na aliyetukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Atakayekasirika atachekwa mpaka achoke. Nilimtazama Trésor kuanzia juu mpaka chini.

"Ile ni Chui? Meno yote ya panya," nilisema.

Wote walicheka, Madame Béatrice pia. Nikavuta kiti.

Sikuamini chochote, lakini mtu asiyeamini anapaswa kupima. Kila Jumatano nilijiuliza kabla ya kuchora maumivu ni kiasi gani, kisha nikajiuliza tena baada ya kumaliza. Jumatano nyingine nilikaa tu nikipiga soga bila kugusa makala, ili nilinganishe. Baridi ilipoanza kupungua, nilikuwa na jibu, na nililitangaza mbele ya wote kwa furaha isiyofichika: hakuna tofauti. Kuchora hakupunguzi maumivu yangu hata kidogo.

"Mbuzi amemaliza université juu ya kujua kama makala hayako dawa," alisema Trésor.

Madame Béatrice hakuonekana kuumia. Alifikiri, akasema, "Lakini leo umesema 'ile ya krizi' na 'ile ya baridi'. Tangu lini ziko mbili? Ulipofika hapa ulikuwa unasema tu mifupa."

Sikuwa nimeona. Na hakuna kinachonisumbua kama kitu kilichokuwa mbele yangu nisikione. Wiki nzima nilikuwa nikijichungulia kama anayechungulia chungu jikoni. Niligundua kwamba kwa maumivu ya krizi huwa nachukua makala, nakandamiza mpaka yanavunjika. Kwa maumivu ya baridi nachukua mpemba, mistari myembamba kwenye vidole na mbavu. Halafu kulikuwa na rangi ya kijani. Sikumbuki niliichagua lini. Ilikuwa kidogo tu, kwenye goti la kushoto, ikipanda kwa ndani ya paja mpaka kinenani. Ilikuwepo hata katika michoro ya wiki nzuri, zile ambazo sikuwa na krizi wala baridi.

Hii ni ya nani? nilijiuliza. Katika hotuba ya Mama haikuwemo.

Mijakaranda ya mjini ilipoanza kuchanua, Madame Béatrice alileta bunda la karatasi pana. Kila mmoja alilala chini, chali, na mwenzake akampitishia kaa la makala kuzunguka mwili wote, kuanzia kichwani mpaka vidoleni, ili abaki na umbo lake la kujaza rangi. Msichana aitwaye Gloire ndiye aliyenichora mimi. Tulipomaliza tukazibandika karatasi ukutani.

Nilijua kuna kitu kwa sababu wote walianza kutazama meza. Gloire alianza kufuta vidole vyake ambavyo havikuwa vichafu sana. Kwetu, msichana wa umri wangu akitembea vibaya, watu wanasema ana maringo. Ni neno la heshima. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema lile lingine, hasa kwa mtu anayetafutiwa mchumba.

"Eh, Mbuzi!" Trésor alikuwa amesimama, mkono kiunoni. "Ile muguu yako moja inaenda Kambove, ingine inabakia Lubumbashi!"

Nilicheka kwanza, kwa sababu ndiyo sheria. Na nikiwa bado nacheka, tayari nilikuwa natazama. Katika karatasi, mguu wangu wa kulia ulikuwa umenyooka, vidole juu. Wa kushoto ulikuwa umelala kwa nje kabisa, kama mlango uliolegea bawaba, na ulionekana mfupi kidogo kuliko mwenzake.

"Gloire amechora mubaya," nilisema.

"Lala tena," alisema Trésor. "Nitakuchora mimi. Chui anajua mbuzi vizuri, kila kipande."

Nililala tena. Mguu ukaenda Kambove. Nikamwomba Madame Béatrice anichore, ukaenda tena Kambove. Trésor akalala, tukamchora yeye kwa kulinganisha. Miguu yake ilikuwa sambamba kama madada wawili wanaokwenda kanisani. Mwishowe nikalala na kuulazimisha mguu wangu usimame wima, na maumivu yakaja pale pale kwenye rangi ya kijani, makali kiasi kwamba niliuma mkono wa sweta.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Angesema mtu mwingine yeyote, ningechukua mkoba wangu na kuondoka, na nisingerudi.

Nyumbani nilitandika karatasi sebuleni, kati ya makochi, nikawasimulia utani wa Trésor wa Kambove. Mama aliisimamia bila kuigusa.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi. Nilikuwa nimelala, banachora kuzunguka."

"Weye hauko hivi."

"Mama, tazama vizuri."

"Njo namna yako ya kutembea. Tangu ulienda université unatembea na maringo. Banakufundisha kutembea kule, minajua."

Baba alikuwa mlangoni, anavua buti za shamba. Alisogea na buti moja mguuni, akainama, akapitisha kidole kwenye mguu wa kushoto.

"Iko kweli," alisema. "Inapita sasa mwaka. Nilifikiri unajua, Mama Mireille. Mambo ya mifupa weye njo unajuaka."

Sijawahi kuona uso wa Mama kama ulivyokuwa wakati ule. "Muntu wa Kambove," alisema taratibu, "ambaye hajakuona ata musimu moja, amekuona kuliko mimi? Mimi niliyekubeba mugongoni mupaka darasa la sita?"

Alienda jikoni, akasonga bukari, ugali wetu, kwa nguvu mpaka tukasikia sufuria ikisaga jiko. Tukala. Karatasi ilikuwa bado chini, na kila mmoja aliizunguka ili asiikanyage.

Asubuhi ya miadi yangu, Mama alitokea chumbani amevaa kitenge chake cha hospitali, kile kisichoonyesha madoa.

"Mama, leo ninaenda peke yangu."

"Na ukisahau kitu?"

"Basi nitasahau."

Alifungua kilemba chake, akakikunja, akakaa kwenye kochi nacho mapajani. Nilipofika barabarani nilitamani kurudi kumchukua. Nilikuwa na hofu ambayo mtetea tasnifu haijui.

Daktari alikuwa yule yule, na swali lake halikubadilika.

"Nina maumivu ya namna tatu," nilisema. "Moja linakuja na krizi, ni pana, linanibana kila mahali. Lingine ni la baridi, jembamba, linakaa kwenye vidole na mbavu. La tatu haliko kwenye hayo. Liko goti la kushoto, linapanda ndani ya paja. Haliondoki krizi ikiondoka. Na nikilala, mguu huu unaanguka nje."

Aliweka kalamu mezani. Nilikuwa na ile karatasi chini ya kwapa, imekunjwa. Nilimwonyesha, na ukweli ni kwamba aliitazama kwa jicho moja tu. Alichotaka ni mguu wenyewe. Aliniambia nilale, akashika goti na kifundo, akauzungusha taratibu. Nilipiga kelele mpaka watu wa ukumbini wakanyamaza.

"Goti lako liko zima," alisema. "Tatizo liko juu, kwenye nyonga. Nyonga inaweza kuumia, na maumivu ukayasikia gotini."

Nikapigwa picha, ile tunayoiita radio. Alinionyesha kichwa cha mfupa wa paja, upande ambao ulikuwa umeanza kufa kwa kukosa damu. Haukuwa umebonyea bado. "Ungekuja mwaka ujao…" alisema, akaacha hapo, akaanza kuandika.

Msimu wote wa mvua nilitembea na magongo, ili nyonga isibebe uzito. Asiyejua tope jekundu la Kasungami hajui magongo. Yanazama, unayachomoa, unazama wewe. Makwapa yalichubuka, kisha yakawa magumu. Mikono yangu, iliyokuwa miembamba kama ya mtoto, ikapata misuli, na nilikuwa nikiitazama kwenye kioo kwa mshangao, kama kitu nilichoazimwa. Nililala chali kila siku nikifanya mazoezi ya kuinua mguu. Baba alinitengenezea njia ya matofali kutoka mlangoni mpaka barabarani. Hakusema anatengeneza nini. Siku moja niliikuta tu.

Je, bila michoro daktari asingegundua? Nimejiuliza mara nyingi. Daktari yeyote ambaye angenilaza na kuuzungusha mguu angegundua. Lakini hakunilaza mpaka nilipompa sababu, na sababu hiyo sikuwa nayo mpaka nilipoipaka kwa kijani. Nilimuuliza Madame Béatrice kama anaamini kwamba kuchora ndiko kulikoniokoa nyonga.

"Labda," alisema, akaendelea kuosha makopo.

Napenda neno hilo. Sijapata bora zaidi.

Kwa hiyo wewe unayevuka sasa kutoka kwa watoto kwenda kwa wakubwa, sikuambii kwamba makala yatakuponya. Nilipima, hayakuniponya. Sitakuambia pia uwafukuze wanaokusemea. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna vitu mwilini mwako ambavyo hakuna mtu atakusemea kwa sababu hajawahi kuvisikia, na wewe mwenyewe unaweza usivijue mpaka mkono wako uchague rangi bila kukuuliza. Na ukiwa na mtani, usimkwepe.

Leo nafanya kazi maabara, nikipima sampuli za madini nikiwa nimekaa kwenye kiti kirefu. Nachechemea kidogo. Daktari anasema upasuaji siku moja utahitajika, lakini siyo sasa, na hilo "siyo sasa" ninaishi nalo vizuri. Baridi ikirudi, makala yanarudi. Jumatano, kazi ikiniruhusu, bado napita nyuma ya famasia. Trésor amerudi Kambove, ananitumia matusi kwa simu.

Jambo moja nililijua mwaka huu tu. Tangu asubuhi ile ya kilemba, Mama hakunisindikiza tena hospitalini. Kila Jumanne alitoka nyumbani mapema, akisema anapeleka kabeji za Baba sokoni, na mimi nilidhani amenuna, nikamwacha. Juzi nilikutana na nesi wa zamani wa wodi ya watoto, ukumbini.

"Mama yako hajambo? Jana alitusaidia sana."

"Mama yangu? Wapi?"

"Pale kwetu, kwa batoto. Kila Jumanne anakuya. Anakaa na ba mama ba SS, bale bapya. Anabaambia, 'Munyamaze kwanza. Muache mutoto ajibu yeye mwenyewe.'"

Nikauliza, "Na mutoto akichelewa kujibu?"

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Akichelewa," alisema, "ni Mama Mireille njo anajibu."